Inchi Moja ya Wifi

Hivi wewe umewahi kuambiwa kwamba akili yako imechoka, na mwenyewe ukakubali? Mimi niliambiwa, nikakubali. Miezi minne nilikaa kwenye kigoda cha kushonea vifungo, nikiamini kwamba macho yangu na kichwa changu vimenigeuka. Kumbe aliyenigeuka ndiye aliyekuwa akinichemshia chai.

Nieleze taratibu. Chumba chetu cha kushonea kina dirisha moja, cherehani mbili, kabati la vitambaa ambalo mlango wake haufungi mpaka uuinue kidogo, na meza ndefu ya kukatia. Meza hiyo aliitengeneza marehemu mume wangu. Ukingoni akapigilia rula ya chuma kwa misumari sita, akaniambia, "Utepe wa kupimia huvutika, mama watoto. Chuma hakivutiki. Ukiwa na shaka, rudi hapa." Basi kila mwezi ulipoandama nililaza tepe zangu juu ya rula ile. Uliovutika, niliutupa.

Niliyefanya naye kazi ni wifi yangu, dada wa marehemu. Miaka ishirini na sita, mimi napima na kukata, yeye anashona. Tulikula sahani moja. Nilipougua, alinifulia hata nguo za ndani. Ndiyo maana naandika haya kwa mkono mzito.

Tukapata kazi ya sare kumi na mbili za wauguzi. Niliwapima mmoja mmoja kwa utepe ninaouvaa shingoni, nikaandika daftarini, kisha nikakata kwa utepe mwingine, ule wa mezani, kama siku zote. Siku ya kuzichukua, msimamizi wao akaijaribu yake mbele ya kioo. Kifungo cha kifuani kikaruka, kikagonga dirisha.

"Fundi," akasema, "hii umemshonea mwanangu?"

Zote zilikuwa hivyo hivyo, zimebana, mikono mifupi. Wifi akanishika bega, akasema kwa sauti ya huruma, "Msimlaumu jamani. Ni uzee. Siku hizi hata namba zinamchanganya."

Kikao cha familia kikakaa sebuleni kwangu. Wakakubaliana wote, hata mmoja asipinge: Mama apumzike, mkasi apewe wifi. Mwanangu mkubwa akautoa mkasi mkononi mwangu kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Nami nikaitikia. Unaujua uchungu wa kutojiamini? Nikipika, naonja chumvi mara tatu. Nikisali, najiuliza kama amina nimeshaisema.

Ndipo mjukuu wangu wa kike akaja likizo kutoka chuoni. Namwita mke mwenzangu, naye ananiita mke mkubwa. Tukiwa tunashona vifungo, akanifungulia elimu yake mpya.

"Mke mkubwa, hakuna haki iliyoandikwa angani. Haki ni makubaliano ya watu tu. Na akili ni nyama iliyojifunza kujiokoa."

"Nyama ya nani, yako au ya mwalimu wako?"

"Ya wote."

"Basi nyama yake imeiambia nyama yako, nanyi mkaita hiyo kweli. Mh!"

Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Siku moja wifi alikwenda kununua uzi, mjukuu akaniomba nimpimie sketi kwa siri. Nikapekua droo, nikaukuta utepe wangu wa mezani umesukumwa nyuma kabisa. Nikaushika nchani kwa kidole gumba, kama nilivyozoea.

"Bibi, inua kidole. Mbona huu unaanzia mbili?"

Nikainua. Inchi ya kwanza haikuwapo. Ilikuwa imekatwa, na kibati cha nchani kikashonewa tena kwa mshono mdogo wa kurudi nyuma. Mshono ule naujua kuliko mwandiko wangu. Ni wa wifi.

Nikaivuta blanketi ya kupigia pasi aliyoitandika mezani tangu wakati wa zile sare. Rula ilikuwa chini yake. Nikaulaza utepe. Inchi moja kamili. Kila kipande nilichokata kilipungua hiyo inchi.

Mjukuu akasimama. "Amekukosea! Huu ni uovu, Bibi!"

"Kwa kipimo gani? Familia ilikaa, ikakubaliana. Kwa elimu yako, nilikuwa nimezeeka kweli."

"Hapana! Walikubaliana uongo!"

"Basi kuna kitu kilicho juu ya makubaliano yao. Hata juu ya kichwa changu, maana mimi nami nilikubali. Utepe haujipimi, mke mwenzangu. Kama akili ni utepe uliojikata wenyewe gizani, kwa nini uiamini hata sasa hivi, unapokasirika?"

Akaugusa ule mshono kwa kidole. "Lakini wapo wasiomjua Mungu, na ni waadilifu kuliko wanakwaya wenu."

"Wapo, tena wengi. Mtu anaweza kupima sawa bila kumjua aliyepigilia rula. Lakini rula lazima iwepo. Mimi naiita Mungu. Na sisi Wakristo tunasema zaidi: kipimo chenyewe kilishuka mezani kwetu, nacho tukakipigilia misumari."

Nilisema hayo bila raha. Usidhani moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilitamani kumng'oa wifi kwenye ukoo kama uzi mbovu. Lakini rula ile ilinipima na mimi: miaka ishirini na sita, wateja walimwitaje? Hata mimi nilimwitaje?

Wifi akaingia na uzi wake. Akaiona blanketi chini. Akauona utepe.

"Nani kapekua droo?"

"Mimi," nikasema. "Kwa nini hukuutupa?"

"Nilishindwa." Akakaa kwenye kigoda changu cha vifungo. "Kila nikiushika, mkono ulikataa."

"Ulinifanya nijione mwehu, wifi. Ndani ya nyumba yangu. Ulikuwa unataka nini? Ungeniomba mkasi, ningekupa."

"Si mkasi." Akafuta uso kwa kiganja chenye nyuzi. "Watu wakiingia hapo mlangoni wanauliza, 'Fundi yupo?' Nami nimekaa kwenye cherehani, nashona, wananiona. Nilitaka siku moja, hata mara moja tu, niitike mimi."