Uzi, Maji na Jino la Adalgiso

Daktari Ivonete hakuzungusha maneno. Aligusa jino la mbele la Adalgiso, likacheza, damu ikatoka.

"Mzee, fizi zimeharibika kwa uvivu wako. Safisha katikati ya meno kila siku, kwa uzi au kwa kimashine cha kurusha maji, chagua mwenyewe. Ukirudi baada ya mwezi na bado zinatoka damu, nang'oa."

Adalgiso alishuka ngazi akijiuliza. Mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele atapulizia nini? Miaka thelathini na minane alikuwa ametangulia mbele ya bendi ya mji kwenye maandamano ya Ekaristi, na ya mwaka huu yalibakiza majuma matano. Mdomo ule ulikuwa kazi yake, jina lake na, tuseme ukweli, majivuno yake. Aliogopa mno hata mkewe hakumwambia.

Jioni ile aliagiza uzi wa meno kwa simu, bila miwani, maana miwani eti ni ya wazee. Kifurushi kilipofika, aliyekifungua ni mkewe, Deusdete. Ndani mlikuwa na chupi nyekundu ya kuogelea, mbele kitambaa kisichozidi kiganja, nyuma uzi mtupu. Nchini Brazili hiyo nayo huitwa uzi wa meno, na kila mtu analijua hilo isipokuwa mwanamume mwenye haraka.

"Hii ya nani, Adalgiso?"

"Ya... ya meno."

"Meno gani hayo yanayoota matakoni? Kama ni yangu, umekosea saizi. Kama si yangu, sema sasa hivi nikupunguze meno mengine!"

Ikabidi aseme yote. Deusdete alicheka hadi akashika meza, kisha akamtazama usoni na kicheko kikakatika.

"Kumbe unaogopa."

"Naogopa sana, Dete."

Kesho yake alimnunulia uzi wenyewe dukani. Vidole vya Adalgiso ni vinene, uzi ukamkatikia mdomoni mara tatu, akautupa. Otacílio, kiongozi wa bendi, akamwazima kimashine chake. "Uzi ni mambo ya kale, ndugu yangu. Maji!" Adalgiso alilowesha kioo, paka na shati, lakini alifurahi: hakuna kuhangaika, unabonyeza tu. Siku kumi akajipongeza. Siku ya kumi na moja alitema mate kwenye sinki, yakatoka na damu. Meno yake ya mbele yalibanana kama watu kwenye misa ya Krismasi, na maji yalipita juu juu tu.

Akakaa jikoni, ameinamisha kichwa. Zilibaki wiki mbili arudi kwa daktari.

"Inuka, kaa hapa dirishani," Deusdete akasema, akikata uzi. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Panua mdomo."

Kuanzia siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, wenzao walipokuwa wakipiga mswaki makazini kama ilivyo desturi ya Brazili, Adalgiso alikaa kitini shingo nyuma, mkewe akipitisha uzi taratibu. Na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kujibu, Deusdete naye alitumia nafasi. Alimsomea makosa yote ya ndoa, kuanzia aliyoyafanya Adalgiso kwenye harusi ya shemeji yake. Adalgiso aliguna tu. Uchungu wa fizi ulikuwa afadhali.

Siku ya siku, Daktari Ivonete alibonyeza huku, akabonyeza kule. Pamba ikatoka nyeupe.

"Linabaki," akasema. "Kapulize."

Adalgiso alilia palepale kitini, bila haya, kisha akatoka nje macho mekundu. Deusdete alikuwa akisubiri ukumbini. Alipomwona hivyo alisimama ghafla, mkoba ukaanguka.

"Fungua mdomo," akamwambia kwa sauti ndogo.

Akafungua. Jino lilikuwepo. Deusdete akakaa tena, akajifunika uso kwa mikono, akalia kumshinda mumewe.

"Mjinga wewe, umenitisha," akasema. "Unadhani ulikuwa unaogopa peke yako? Nyumba ile bila kelele zako ningeishije?"