Ufunguzi wa Karani

Kila siku baada ya chakula cha mchana, karani mstaafu wa idara ya maji hupanga kete za sataranji mezani, akafungua daftari lake na kuurudia mchezo mmoja tu: ule aliofungwa na meneja wake kwenye fainali ya wafanyakazi, miaka kumi na saba nyuma. Akimsogeza askari wa kwanza, mlango wa chumbani hufunguka. Askari wa pili, kabati la vyombo. Farasi ni wa friji.

"We mzee, ukimtoa farasi useme basi!" mkewe humpigia kelele kutoka jikoni. "Maziwa yanachacha."

Majirani wameshazoea. Aliyesahau ufunguo ndani hugonga dirishani: "Shemeji, nichezee kidogo, nimejifungia nje." Huchezewa, akashukuru, akaenda zake. Hatua ya thelathini na moja, mfalme wa karani akishafungwa, milango yote hujifunga yenyewe.

Karani hakuwa na shida na milango. Kilichomkaa rohoni ni hatua ya kumi na tisa, pale ngome ya meneja ilipomruka askari wake. Ngome hairuki, anayeruka ni farasi peke yake. Refa, ambaye ndiye katibu muhtasi wa meneja, alisema hakuona, alikuwa anapiga chafya. Karatasi yenye hatua zote za mchezo ikafungiwa kabatini ofisini kwa meneja, na kikombe cha ubingwa kikawekwa juu ya kabati hilohilo.

Jumatatu moja karani akabeba ubao kwapani, akaenda ofisini. Meneja alikuwa bado meneja. Karani akapanga kete, akacheza hatua nne, kabati likafunguka. Akatoa karatasi.

Meneja akavaa miwani. "Kumi na tisa, ngome yaruka. Ni kweli, iliruka. Hata mimi niliona."

"Basi kikombe kiandikwe jina langu."

"Ndugu yangu, kimeshachongwa hicho. Lakini ufunguzi wako mtamu! Droo hii ya meza imenigomea tangu mwaka juzi. Ni hatua ya ngapi?"

"Ya tano," karani akasema, akaicheza. Ndani mlikuwa na stepla na soksi moja.

Meneja akairudisha karatasi kabatini, akainyoosha vizuri. "Sasa malizia, ofisi isilale wazi."

Milango ya jengo zima ilikuwa ikipigapiga, na wafanyakazi walisimama na mikoba yao, wanataka kwenda nyumbani. Karani akacheza mpaka ya kumi na nane. Akapumua. Kisha akaishika ngome ya meneja na kuirusha juu ya askari wake, kwa mkono wake mwenyewe.

Kabati likajifunga, hilo peke yake.

"Bado kumi na mbili," meneja akasema, akitafuta soksi ya pili.