Siagi ya Keturah Orcutt

Binamu yangu Lucius, anayekaa Boston na mwenye muda mwingi wa kupoteza, anaandika historia ya ukoo wa Lathrop. Ameniletea barua tatu akitaka tarehe: nani alizaliwa lini, nani kazikwa wapi, na kama kuna bwana mkubwa yeyote wa Uingereza katika damu yetu. Hakuna. Kuna babu Zebina, aliyekuwa na duka njia panda na ng'ombe kumi na wawili nyuma ya duka, na kuna siagi mbaya. Bila siagi ile Lucius asingezaliwa akaandika chochote. Nitamjibu hivyo hivyo, anune akitaka.

Enzi hizo hapa Vermont, wanawake wa mashambani walileta siagi dukani kila Jumamosi wakaondoka na chai, kitambaa au sindano. Kila mmoja alikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugandamiza juu ya siagi, kwa hiyo hukuhitaji kuuliza hii ni ya nani. Babu alikuwa na kijiti cha chuma chenye mfereji. Alikichoma hadi katikati ya siagi, akakizungusha, akanusa, akaonja, akaamua. Iliyo bora iliingia pipa la kwenda mjini, ya wastani ikaingia pipa la pili. Ulimi wake uliaminika wilaya nzima.

Siagi ya Keturah Orcutt, yenye muhuri wa jani la mwaloni, haikuingia pipa lolote. Ilibaki na maziwa ndani, ikachacha, na ikifika Jumatano ilinuka kama soksi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Alibaki na baba na kondoo, na hakuna kati yao aliyejua kutengeneza siagi.

Lakini alikuwa na macho ya kucheka, na alitembea maili nne kuja dukani hata theluji ikianguka. Babu, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba, aliweza kumwambia mke wa shemasi usoni kwamba siagi yake haifai. Ila ya Keturah aliionja, akaimeza na kusema, "Nzuri sana, Bi Keturah." Keturah akishaondoka, babu aliitumia siagi hiyo kulainishia magurudumu ya gari la farasi. Hivyo kwa miaka mitatu. Gari la babu lilikuwa kimya kuliko gari lolote bondeni.

Mwezi wa sita akamposa. Keturah akasema atamjibu baada ya maonyesho ya kilimo ya wilaya, mwezi wa tisa. Baba yake hakuwa na kitu cha kumpa, naye hakutaka kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Ila alikuwa na siagi inayosifiwa na mjuzi kuliko wote, basi angeipeleka mashindanoni.

Mwamuzi mkuu wa siagi, mwaka wa sita mfululizo, alikuwa Zebina Lathrop.

Alijaribu kujitoa akisingizia mafua, wakamcheka. Mara mbili alikwenda hadi kwenye uzio wa akina Orcutt ili amwambie ukweli, na mara mbili akaishia kuulizia hali za kondoo. Babu yangu alikuwa mtu mzuri, lakini kwa jambo hili alikuwa mwoga kabisa.

Siku ikafika. Sahani kumi na nne mezani, zina namba tu, lakini kwenye namba tisa kulikuwa na jani la mwaloni. Waamuzi wenzake wawili walikuwa watu wa kufuata. Angesema ni ya kwanza, wangekubali. Akawatazama wale wanawake waliosimama nyuma ya kamba, walioamka alfajiri kusukasuka maziwa kwa kuwa waliuamini ulimi wake. Akaiweka namba tisa ya mwisho.

Desturi yetu ni kusoma majina yote kwa sauti, tangu la kwanza hadi la kumi na nne. Keturah alisikiliza mpaka mwisho, amevaa kofia mpya. Hakulia. Akamfuata babu mezani, mbele ya watu.

"Imeharibika leo tu, Bwana Lathrop, au ndivyo ilivyo siku zote?"

"Siku zote," babu akasema.

Keturah akageuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Jumamosi tano zikapita bila Keturah. Babu akawa akiombwa chumvi anapima chai. Jumamosi ya sita, duka limejaa, akaingia na kuweka kifurushi mezani. Akasema amekuwa akienda kwa Mama Wheelock, aliyeshinda, kujifunza kuosha siagi na kuikanda hadi maziwa yatoke yote.

"Alinionyesha kwa asubuhi moja," akasema. "Asubuhi moja, Zebina. Wewe ulipata miaka mitatu. Sifa zako nilikuwa nazihitaji za nini? Nilihitaji mtu aniambie."

Babu nimempenda kuliko wote niliowazika, lakini hapo bibi alimweza, na alikuwa na haki.

"Haya, onja."

Akachoma kijiti, akanusa, akaonja. Ilikuwa safi, tamu, bila hata chembe ya uchachu. Neno moja la sifa lingemtosha, na safari hii lingekaribia sana kuwa kweli.

"Chumvi imezidi," akasema.

Wanawake waliokuwa wakichagua vitambaa wakaacha kuchagua. Keturah akamnyang'anya kijiti, akaonja mwenyewe, taratibu, macho kwa babu.

"Imezidi kweli," akasema. "Na jibu langu ni ndiyo."