Idhini ya Mlezi

Kila asubuhi, kabla mtoto wa kwanza hajaletwa, huufuta ubao wa kupimia urefu kwa kitambaa chenye dawa, kisha huuwekea viganja vyangu vyote viwili mpaka upate joto. Ubao wa baridi humliza mtoto, anayelia hujikunja, na aliyejikunja humdanganya mpimaji. Halafu husukuma kibao cha miguuni mpaka kigonge mwisho, ta! Nikiona hakikwami, naita, "Karibuni."

Siku hiyo viganja vilikuwa bado ubaoni Katibu wa mafunzo alipochungulia mlangoni.

"Mpole, acha hiyo. Kikao cha kamati kimesogezwa, wanakungoja."

"Si kilikuwa mchana?"

"Kilikuwa. Sasa wakubwa wana safari. Na uvae koti, mwaya, usitutie aibu."

Koti lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la zamani la Mama Mizani, mlezi wangu katika mafunzo haya ya watafiti wa afya ya mtoto, na jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu. Alinivisha mwenyewe siku ya kwanza, akanifunga vifungo kama ananipeleka chekechea. "Utalivaa mpaka upate lako," alisema. Mwaka ulikuwa unakwisha.

Koridoni alinidaka Redio, mwanafunzi mwenzangu, ambaye hata akinong'ona wodi nzima inapata habari. Ni yeye aliyewashawishi wenzetu wanichague niwawakilishe kwenye kamati, nami nilikuwa sipo, nilikuwa naosha mabeseni. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Neno moja tu, dada. Hatukubali. Ukishindwa kabisa, piga chafya, nitaelewa."

"Utaelewaje nawe uko nje?"

"Mimi nina eriali," akasema, akanisukuma taratibu.

Kanuni zetu zilisema mwanafunzi akimaliza mwaka wa kwanza anaweza kuiomba kamati impe mlezi mwingine. Sasa kamati ilitaka kuongeza maneno machache tu: kwa idhini ya mlezi wake. Wenzangu waliona ni uonevu. Hawakujua kwamba mimi nilikuwa nahesabu siku. Nilikuwa nimepanga kuomba kwa kamati, kamati imwambie Mama Mizani, mimi nisiwepo.

Ilianza na mtoto mmoja. Kibao kinapogonga, watoto wote hushtuka, mikono hutawanyika, macho yanatoka. Yeye aliendelea kuitazama taa. Nikagonga tena. Taa tu.

"Wangu mpole huyu," mama yake akasema kwa fahari. "Hata mlango ubamizwe, wala."

Nilimweleza Mama Mizani. Hakuinua macho kwenye vipimo.

"Urefu wake?"

"Mzuri, Mama."

"Uzito?"

"Mzuri."

"Basi mtoto mzuri. Usinitafutie ugonjwa pasipo na ugonjwa."

Nikampeleka mtoto na mama yake kimyakimya kwa daktari wa masikio, jengo la pili. Mtoto hakuwa anasikia kabisa. Tangu hapo sikulala na swali jingine: ni wangapi tunawapima, tunawasifu kwa upole, tunawarudisha nyumbani? Daktari wa masikio alisema yuko tayari kunilea katika utafiti huo. "Lakini mimi siibi mwana wa mtu," akaongeza. "Kamati ikuruhusu kwanza."

Mama Mizani si mtu mbaya, na hapo ndipo niliponasa. Angekuwa mkali ningeshamkimbia. Baba alipofariki alikuja nyumbani, akakaa chini na mama yangu mpaka wageni wakaisha. Mama humtaja kila anaposali. Akija mgeni kazini, Mama Mizani hunishika bega: "Huyu ndiye mrithi wa mizani yangu." Nami hutabasamu. Nimetabasamu mpaka taya zinauma.

Chumba cha kikao kina madirisha yasiyofunguka, na meza ndefu kiasi kwamba ukikaa katikati huwezi kutoka bila kuinua watu wawili. Mama Mizani alikuwa ameniwekea kiti kando yake. Akanifungulia maji.

"Umekula?" akaninong'oneza.

"Nimekula, Mama."

Sikuwa nimekula.

Mwenyekiti, daktari mstaafu mwenye miwani kipajini, akasoma pendekezo. Mama Mizani akalitetea.

"Mlezi ni mzazi. Mwaka jana wawili waliwahama walezi wao kama wapangaji. Nani hapa amewahi kubadili mzazi?"

"Ingewezekana ningechagua tajiri," mfamasia akasema, wakacheka.

"Wanafunzi wanasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

Nilifungua mdomo. Kikatoka kitu kama pumzi.

"Sauti, binti."

"Hatukubali."

Mama Mizani akanicheka kwa huruma, kama mtu aliyeona mtoto amevaa viatu vya baba yake. "Huyo ni Redio anasema kwa mdomo wako. Mwambieni, asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu!" meza nzima ikamalizia.

Mwenyekiti akateremsha miwani. "Kamati haiamui kwa uvumi. Tupe mfano. Yupo mwanafunzi anayetaka kuhama, ambaye maneno haya yatamfungia njia? Kama hayupo, tunapitisha, tukapande gari."

Nilitazama dirisha, kisha mlango. Mfamasia alikuwa amenyoosha miguu. Nje, pengine mlangoni kabisa, Redio alikuwa anasubiri chafya. Ningenyamaza, ningetoka humo na koti lile lile, mwaka huu na ujao, nikigonga kibao na kuandika urefu.

Mama Mizani akaufunika mkono wangu kwa wake. Ulikuwa na joto. "Msimtese jamani. Wangu mpole huyu, hana tatizo na mtu."

Nikamkumbuka yule mtoto, macho kwenye taa.

"Hayupo, basi," Mwenyekiti akasema, akagonga meza kwa kalamu.

Nilishtuka mwili mzima, mpaka maji yakamwagika.

"Yupo," nikasema.

"Nani?"

Niliutoa mkono wangu chini ya wake. Nilikuwa nimezoea kuongea nikitazama uzi wa buluu kifuani pangu. Nikageuza kiti, tukawa uso kwa uso, naye alikuwa bado anatabasamu.

"Ni mimi, Mama. Nataka kwenda kwa daktari wa masikio. Nilitaka kuondoka kwako bila kukuambia, kwa sababu sikuweza kukutazama. Sasa nakutazama."