Mkono Uliowagombanisha Kina Lenah

Kilichowakosanisha Lenah na dadake Khavere kingefunikwa na biskuti moja: slaidi, picha ya filamu inayotazamwa kwa kuielekeza kwenye mwanga. Baba yao, marehemu Patrobas, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa reli, na mzungu huyo aliwahi kuwapiga picha nje ya nyumba yao Kaloleni, wasichana wakiwa bado na mapengo ya meno ya mbele. Ilikuwa kadi moja yenye vidirisha viwili, picha ile ile mara mbili. Siku ya kugawana vitu vya marehemu, baba yao mdogo akaona Mungu amemrahisishia kazi. Akashika makasi, akaikata katikati. Hii ya Lenah, hii ya Khavere, nani atalalamika?

Walilalamika wote wawili. Pichani wamekaa ngazini, vichwa vyao vinakaribia kugusana, na baba yuko nyuma yao amenyoosha mkono. Lenah akiinua kipande chake dirishani, anaona mkono umetua kichwani pake. Khavere, aliyeolewa Dandora, akiinua chake anaona umetua kwake yeye. Kila mmoja akamwita mwenzake mwongo, na wakaacha kutembeleana.

Kisha Lenah akasikia kuna Irungu fulani pale sokoni Gikomba anayeuza darubini za slaidi, zinazomleta mtu mbele yako kama anataka kukusalimia. Akaenda mbio. Alitaka ushahidi.

"Mathe, hii ni nusu," Irungu akamwambia. "Darubini hizi zinataka macho mawili na picha mbili. Wewe umeniletea kiatu kimoja."

"Ile nyingine ni hii hii tu."

"Kama ni hii hii, mbona zilipigwa mbili? Ilete."

Lenah akatuma ujumbe Dandora, na Jumamosi iliyofuata Khavere alitokea Gikomba, mkoba kaubana kwapani kama anayeenda kortini. "Nimekuja uaibike mbele ya watu," akasema badala ya salamu.

Irungu akaunganisha vipande kwa selotepu, akaweka darubini mbili mezani. Moja nyekundu, ya kupendeza, ina balbu ndani. Nyingine nyeusi, nzito, ina kigurudumu katikati ya vioo.

"Nyekundu," Khavere akaamua, akachungulia. 

Lenah akamnyang'anya kabla hajatazama vizuri. Akaona baba wawili, wote wanayumba, akalalamika.

"Macho yako yameachana kama ya chura," Khavere akamwambia.

"Na yako yamebanana kama matundu ya kifungo!"

"Nyekundu ni ya macho ya mtu mmoja," Irungu akaingilia. "Hii nyeusi unazungusha hapa, vioo vinaachana au vinakaribiana. Haina balbu, lakini jua si liko?"

Lenah akaielekeza juani, akazungusha kigurudumu polepole. Baba wawili wakasogeleana, wakawa mmoja. Magoti ya watoto yalikuwa mbele, kifua cha baba nyuma, na mkono... Mkono haukuwa kichwani pa Lenah. Wala pa Khavere. Ulipita juu, katikati yao, ukaja mbele, ukaja kabisa, hata Lenah akajikuta ameinua wake aupokee.

"Haya, sema! Amemshika nani?" Khavere akahimiza.

Lenah alirudisha kigurudumu kidogo, akipimia macho ya dadake, akampa.

Khavere aliufuata mkono ule kwa macho mpaka ncha za vidole. "Mama alikuwa amesimama kando ya mzungu," akasema taratibu. "Unakumbuka? Alikataa kupigwa picha, eti hajafunga kitambaa."

"Anamwita."

"Anamwita aje akae na sisi."

Irungu, ambaye mdomo wake haukuzoea likizo, aligeuka akapangusa kioo kilichokuwa safi.

Walichukua nyeusi. Walipofika njia panda, mmoja aende Kaloleni, mwingine Dandora, Lenah akaitia kwenye mkoba wa dadake, kadi ikiwa ndani, nzima.

"Kaa nayo. Utairudisha Jumapili."

"Na nisipoirudisha?"

"Nitakuja Dandora kuifuata."

"Basi sirudishi," Khavere akasema. "Na uje na njaa."