Joto la Maji

Pini iliingia kwenye kifundo cha mguu wa Siti, juu kidogo ya kamba ya kiatu, ikasimama humo. Therese, fundi cherehani kutoka kambi ya Nyarugusu aliyekuwa na kibanda pembeni mwa soko la Kasulu, alikuwa amepiga magoti akipima upindo wa gauni. Aliona damu ikichuruzika hadi kisiginoni. Akangoja Siti aruke, au angalau agune. Siti aliendelea kusimulia juu ya arobaini ya mjukuu wake wa kwanza huko Kibondo, na jinsi alivyotaka gauni limkae kiunoni.

"Mama Mwanahawa," Therese akasema taratibu, "pardon. Nimekutoboa. Hausikie?"

Siti akatazama chini. Alipoiona damu ndipo akasema, "Ala!" kama mtu aliyekumbushwa jambo. "Chomoa tu, uendelee."

Therese alichomoa, lakini hakuendelea. "Mguu yenye haisikie maumivu, mama, iko na ugonjwa."

"Ni baridi hii. Na usimwambie mtu."

Kasulu nzima ilimjua Siti wa duka la vitenge tangu enzi za unene wake. Alikuwa amezoea kutaniwa, na mwenyewe alijitania kabla ya wengine. Kilichomvunja ni siku ile msibani, kiti cha plastiki kilipopasuka chini yake na watu waliokuja kulia wakacheka. Mumewe, Hashimu, hakucheka. Yeye ndiye aliyempeleka Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Kabla ya kumruhusu, daktari alimweleza bila kuficha: hata akila vizuri, mwili wake hautaweza tena kuchota kila kitu kutoka kwenye chakula. Vidonge vya vitamini vitakuwa vyake maisha yote, na sindano kila baada ya miezi kadhaa. Siti aliitikia. Siku ile angeitikia lolote.

Kwa mwaka mzima alishika masharti. Mwili ulipungua, uso ukachongoka, wanawake wakaja dukani kumtazama wakisingizia kununua. Kisha siku moja wifi yake, Firdausi, aliiona chupa ya vidonge juu ya kabati.

"Vitamini, wifi? Si ndizo wanazopewa watoto waliokonda kule kambini ili wanenepe?"

Alisema kwa mzaha, akaendelea kumenya ndizi. Lakini neno lile lilimkaa Siti kama mfupa wa samaki kooni. Mwezi huohuo gauni moja lilimbana kwapani. Basi kila asubuhi, mbele ya Hashimu, akawa anaweka kidonge mdomoni na kunywa maji. Kisha anazunguka nyuma ya jiko na kukitema, kuku wakakikimbilia. Sindano nazo akaacha kuzifuata.

"Umekunywa, Mama Mwanahawa?"

"Nimekunywa."

Kwa muda mrefu halikutokea jambo, na hilo ndilo lililomdanganya. Kisha vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, kama vina sisimizi ndani. Ulimi ukawa mwekundu, ukaungua kwa chai. Siku moja alifika dukani na kandambili mguu mmoja, asijue mwenzake imemchomokea wapi. Akitia udhu, alipofumba macho kunawa uso, ardhi ilimponyoka, akajishika ukutani. Akajifunza kunawa macho wazi. Kwa kila dalili alipata jina la kuipa: uchovu, baridi, umri. Alitembea akiitazama miguu yake, nayo ikamtii mradi anaiona.

Hata damu ya kwa Therese aliifuta, akalilipia gauni, akapanda basi la Kibondo.

Asubuhi ya arobaini kulikuwa na ukungu, na baridi iliyomfanya kila mtu azungumze akiwa karibu na jiko. Mwanahawa, bintiye, alikuwa akipanga vyombo vya wageni. Siti akasema, "Leo niachie mimi nimwogeshe. Wewe nilikuogesha mwenyewe hadi ukaanza kutembea."

Alimimina maji ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akatumbukiza mkono. Yalikuwa vuguvugu, tena yamepoa kidogo. Akaongeza ya moto. Akayapima tena kwa mkono uleule, akaridhika. Mtoto, Athuman, alikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, uchi, akipiga teke hewani. Siti akaanza kumshusha.

Mwanahawa aliingia na taulo. Kwa mazoea tu akachovya vidole kwenye beseni. Alipiga ukelele uliomfanya mtoto ashtuke.

"Mama! Maji haya yanaunguza!"

Alimnyakua mtoto. Siti alibaki ameinama, mkono wake wa kulia bado umo majini. Mwanahawa akauona, akaacha kupiga kelele. "Mama, toa mkono."

Siti aliutoa. Ulikuwa mwekundu hadi kwenye kifundo. Aliugeuza, akautazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Nilidhani yamepoa," akasema. Kisha akakaa sakafuni, na hapohapo, huku wageni wakibisha hodi uani, akamwambia bintiye yote: vidonge, kuku, sindano.

Hospitalini daktari alimgonga magoti, akamfumbisha macho na kumuuliza anamgusa kidole gani. Siti alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia.

"Tunaanza sindano leo," daktari akasema. "Damu itapanda, nguvu zitarudi. Hizi neva ndizo siwezi kukuahidi. Zikikaa muda mrefu bila kupata kinachozilisha, nyingine hazirudi."

"Zipi?"

"Tutajua kadiri siku zinavyokwenda."

Siti alimpigia Hashimu mwenyewe, hakukubali Mwanahawa amsemee. Hashimu alisikiliza hadi mwisho.

"Kila asubuhi?" akauliza. "Mbele ya macho yangu?"

"Kila asubuhi."

"Nakuja kesho," Hashimu akasema.

Jioni wageni walipotawanyika, Siti aliketi mkekani, mgongo ukutani, mkono umefungwa bendeji. Mwanahawa alikuja na mtoto. Mbele ya mama yake akasita. Kitambo kidogo tu, lakini wote wawili walikiona. Kisha akaketi akimgusa bega, akamlaza Athuman mapajani mwa bibi yake, na asiuondoe mkono wake chini ya kichwa cha mtoto.

"Miguu yake ina baridi?" Siti akauliza.

"Mshike uone, mama."

Siti hakuinua mkono. Aliinama polepole, akaweka shavu lake kwenye unyayo wa mtoto, akafumba macho, akangoja.