C ya Verediana

Barua ya chuo ilifika shambani Basotu, wilaya ya Hanang, mwezi wa Septemba, mwaka wa themanini na nne, ndani ya gunia la vipuri vya trekta. Verediana Bura, bibi shamba wa shamba la ngano la serikali, aliifungua akiwa bado na vumbi mikononi.

"Ndugu Mwanafunzi," iliandikwa, "kuanzia sasa, kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili, gredi ya C itahesabiwa sifuri. Herufi zenyewe hazijabadilika."

Katika masomo yake yote ya uzamili alikuwa na A na B, isipokuwa C moja. Wakati C ilipokuwa ikihesabiwa alama tatu, wastani wake ulitosha kabisa. Sasa hautoshi, na ilimbidi arudie mtihani. Na hiyo C aliipata katika somo la kilimo cha ngano, yeye aliyekuwa amelima ngano miaka saba.

Jumapili alikwenda Nangwa kumweleza baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshamaliza shule?"

"Nilikuwa nimemaliza. Wamebadilisha hesabu."

Mzee Bura alifikiri kidogo. "Yaani ulichokuwa unakijua mwaka jana, mwaka huu hukijui?"

"Ndivyo barua inavyosema, baba."

"Basi rudi ukakijue tena," alisema mzee, akampa kuku wa njiani.

Chuoni, mwalimu wa somo alimpokea vizuri. Alikuwa daktari wa elimu ya kilimo, mpole, mwenye miwani, ambaye hakuwahi kufika Hanang. Alimwonyesha karatasi yake ya zamani. Swali lilihusu wakati wa kupanda ngano kwenye udongo mweusi. Verediana alikuwa ameandika kwamba ngano ipandwe mapema, kabla mvua kubwa haijashika, maana ule udongo ukilowa sana trekta haitoki.

"Umeandika kama mtu wa shambani," alisema daktari kwa huruma. "Notisi za somo zinasema usubiri udongo ulowe sawasawa."

"Lakini daktari, trekta zinazama."

"Swali halikuuliza habari za trekta."

Swali la mtihani wa kurudia lilikuwa lile lile. Verediana alishika kalamu, akiona aibu kama mtu anayetaka kusema uongo kanisani. Kisha akaandika: subiri udongo ulowe sawasawa. Akaongeza na mchoro.

Akapata A.

Meneja wa shamba, Bwana Nikolausi, alifurahi kupita kiasi. Alimpandisha cheo, akaomba na nakala ya majibu. Mwezi wa pili, mafundi walipokwisha kuandaa mashine za kupandia, akazuia kazi.

"Tunasubiri udongo ulowe sawasawa."

"Bwana Meneja, usifanye hivyo. Hayo niliyaandika ili nifaulu tu."

"Na ulifaulu! Ulipofuata akili yako ulipata C, ambayo siku hizi ni sifuri. Unataka nilime kwa sifuri?"

Mtu angekataaje A yake mwenyewe mbele ya mkubwa wake?

Mvua ilishika Machi. Udongo ulilowa sawasawa, tena kuliko sawasawa. Asubuhi ya kwanza trekta tatu ziliingia shambani, na kabla ya saa nne zote zilikuwa zimezama hadi kwenye ekseli. Ya nne ikaenda kuzivuta, nayo ikazama. Wafanyakazi walichimba siku tisa, Verediana akiwa miongoni mwao, sketi ameifunga magotini, hasira yote ameielekeza kwenye koleo.

Bwana Nikolausi alisimama pembeni na zile karatasi za majibu. Alizipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Mbona hapa hukuandika namna ya kuzitoa?"

"Halikuulizwa, mzee," alisema Verediana, akaendelea kuchimba.

Mwaka uliofuata walipanda mapema. Ngano ikaota vizuri, na meneja akaandika kwenye taarifa yake kwamba mafanikio hayo yametokana na elimu ya juu.